Mguu Mrefu, Mguu Mfupi: Safari ya Majina ya Estonia

Wenyeji wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wana utani wa zamani kuhusu mji wao: ati unachechemea. Ushahidi uko kwenye vibao vya mitaa. Kutoka mji wa chini, walikokaa wafanyabiashara na mafundi, kuna njia mbili za kupanda kilima cha Toompea, makao ya watawala na makabaila. Moja inaitwa Pikk jalg, yaani Mguu Mrefu. Nyingine ni Lühike jalg, Mguu Mfupi. Mguu Mrefu ulikuwa wa farasi na mikokoteni, ukipanda taratibu; Mguu Mfupi ulikuwa wa waendao kwa miguu, nao ni mwinuko mkali wenye ngazi. Kiumbe mwenye miguu isiyolingana atatembeaje kama si kuchechemea?

Nyuma ya utani huo kuna jambo zito. Kilima na mji wa chini havikupendana. Kwa karne nyingi kila upande ulikuwa na sheria zake na mahakama zake, na usiku ulipoingia malango baina yao yalifungwa. Hata hivyo mabwana wa juu na matajiri wa chini walishiriki jambo moja: walizungumza Kijerumani. Waestonia wenyewe walikuwa wapagazi, watumishi na wavuvi, na huko mashambani walikuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana hao. Hawakuwa na muhuri wala daftari. Majina, hata hivyo, walikuwa nayo: ya kila mto, kila kilima, kila kichochoro. Watawala saba au wanane walipita juu ya nchi hiyo, kila mmoja na ramani yake, na mwishoni yaliyobaki kwenye vibao kwa sehemu kubwa ni yale waliyokuwa wakiyatamka watu wasio na ramani.

Jina la nchi lenyewe limetoka mbali. Mwandishi wa Kirumi Tacitus, akiandika mwaka 98, aliwataja Aestii, watu wa pwani ya Bahari ya Baltiki. Wanazuoni wengi wanaona kwamba hao hawakuwa Waestonia bali majirani zao wa kusini. Jina lilihamahama hadi likatua kaskazini, na watu wa Skandinavia wakaiita nchi hiyo Eistland. Wenye nchi hawakuwa na habari na hayo. Wao walijiita maarahvas, watu wa nchi, na lugha yao waliiita lugha ya nchi. Ilipofika mwaka 1857, Johann Voldemar Jannsen alianzisha gazeti la Perno Postimees katika mji wa Pärnu, akawasalimu wasomaji wake kama taifa la Waestonia. Jina walilopewa na wageni likawa jina la kujivunia. Binti yake Jannsen, Lydia, akawa mshairi mkubwa wa taifa hilo jipya kwa jina la Koidula, lililotokana na neno la mapambazuko, na leo mtaa wa Koidula uko katika miti ya Kadriorg, Tallinn.

Majirani nao wana lao. Wafini huiita Estonia yote Viro, kwa sababu ng'ambo ya bahari yao kuna mkoa wa Virumaa. Walatvia huiita Igaunija, kutokana na Ugandi, eneo la kale la kusini-mashariki lililopakana nao (na ambalo halina udugu wowote na Uganda ya Afrika Mashariki). Kila jirani aliuona mlango uliomkabili, akaipa nyumba nzima jina la mlango huo. Waestonia hawakusalimika na tabia hiyo: Ujerumani kwao ni Saksamaa, nchi ya Wasaksoni. Kwa kuwa Wajerumani waliowafahamu ndio waliokuwa mabwana, neno saks katika Kiestonia likapata maana ya bwana mkubwa, mtu wa tabaka la juu.

Mji mkuu una majina mengi kuliko mtoto wa ukoo mkubwa. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia kitabu kikubwa cha dunia. Humo ndimo Malindi na Mombasa zilimotajwa, na humo humo, upande wa kaskazini ya mbali, aliandika juu ya nchi ya Astlanda na mji wake mdogo unaofanana na ngome kubwa. Baadhi ya wanazuoni wanasema mji huo ni Tallinn. Karne iliyofuata, padri aliyeandika habari za vita vya kuwaingiza katika Ukristo watu wa Livonia, yaani eneo la Estonia na Latvia za leo, ambaye historia inamfahamu kama Henry wa Livonia, aliiita ngome hiyo Lyndanise. Mwezi Juni 1219 Mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark alitua hapo na majeshi yake, akashinda, akajenga ngome yake juu ya kilima. Wadenmark wana hekaya kwamba bendera yao nyekundu yenye msalaba mweupe ilidondoka kutoka mbinguni siku ya vita hiyo.

Wajerumani walipojaa mjini waliuita Reval, na Warusi baadaye wakafuatisha kwa Revel. Waestonia walikuwa na jina jingine kabisa: Tallinn. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilikuwa Taani linn, ngome ya Wadenmark. Ajabu ni kwamba Wadenmark wenyewe waliuza eneo lao la kaskazini ya Estonia mwaka 1346 kwa mashujaa wa Kijerumani wa Shirika la Teutoni, wakaondoka. Bwana wa ngome akaenda zake, na jina alilopewa na majirani zake wa shamba likadumu vinywani kwa karibu miaka 600 kabla ya kuwa rasmi mwaka 1918.

Kabla ya kuuza, Wadenmark walifanya kazi moja ambayo wanahistoria hawajaacha kuwashukuru. Kwenye mwaka 1241 hivi makarani wao waliorodhesha mali za mfalme katika daftari la ardhi, na ndani yake mna majina ya vijiji takriban 500 vya kaskazini ya Estonia. Karani hakujua lugha, aliandika alivyosikia. Hata hivyo vingi kati ya vijiji hivyo bado vipo, na majina yao yanatambulika. Wakulima wale walipigwa na vita, tauni na njaa, walibadilishiwa mabwana mara nyingi, lakini mtoto aliendelea kuita kijiji alivyokiita babu yake.

Walikiita vipi? Kwa kilichoonekana. Nchi ya Estonia ni tambarare, yenye misitu, maziwa na vinamasi, na majina yake ni orodha ya vitu hivyo: mäe ni kilima, jõe ni mto, järve ni ziwa, saare ni kisiwa, soo ni kinamasi, küla ni kijiji. Haapsalu, mji wa pwani ya magharibi, ni kichaka cha miti iitwayo haab kwa Kiestonia. Paide, mji wa katikati ya nchi, umetokana na paas, jiwe la chokaa lililojengea ngome yake, na Wajerumani waliona jiwe lile lile wakaita Weissenstein, jiwe jeupe. Kuressaare, mji mkuu wa kisiwa cha Saaremaa, ni kisiwa cha korongo, wale ndege wa miguu mirefu. Kilima kirefu kuliko vyote katika nchi tatu za Baltiki kina mita 318 tu, nacho kinaitwa Suur Munamägi, Kilima Kikubwa cha Yai. Mto upitao Tartu ni Emajõgi, Mto Mama, na Henry wa Livonia aliuandika kwa Kilatini kuwa Mama wa Maji.

Wanyama nao wamo, na wakubwa. Otepää ya kusini ni kichwa cha dubu, kwa kuwa kilima cha ngome yake kilifananishwa na kichwa cha mnyama huyo; tafsiri hiyo haikubuniwa juzi, imo katika kumbukumbu za Henry za miaka ya 1220. Rakvere ya kaskazini iliitwa Tarvanpea, kichwa cha ng'ombe-mwitu wa kale wa Ulaya, mnyama ambaye ameshatoweka duniani. Mwaka 2002, mji huo ulipoadhimisha miaka 700 ya haki zake za mji, wakazi walisimamisha kilimani sanamu kubwa ya fahali huyo, kazi ya mchongaji Tauno Kangro. Jina lililokuwa limesahauliwa kwenye vibao likarudi kwa pembe.

Mabwana wa Kijerumani hawakuhangaika kujifunza majina hayo yote. Walikuwa na yao. Kwa hiyo nchi nzima ikawa na majina mawilimawili: Viljandi ilikuwa Fellin, Rakvere ilikuwa Wesenberg, Põltsamaa ilikuwa Oberpahlen, Kuressaare ilikuwa Arensburg, ngome ya tai. Bwana na mtumishi wake waliweza kusafiri katika gari moja la farasi kwenda mji mmoja, kila mmoja akiwa na jina lake kichwani. Pwani za magharibi na visiwani walikuwako Waswidi walioishi huko tangu Zama za Kati, nao wakaongeza ya kwao: kisiwa cha Vormsi kwao ni Ormsö, na Noarootsi ni Nuckö. Wengi wao, takriban 7,000, walikimbilia Uswidi wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini vibao vya huko Noarootsi mpaka leo vina lugha mbili.

Tartu ndiyo iliyovutwa zaidi. Mwaka 1030 Yaroslav Mwenye Hekima, mtawala wa Kyiv, aliiteka ngome ya wenyeji iliyojulikana kama Tarbatu, akaiita Yuryev, kwa jina lake la ubatizo la Yuri. Wajerumani wakaiita Dorpat, na chini ya jina hilo chuo kikuu kilichoanzishwa na Mfalme Gustav Adolf wa Uswidi mwaka 1632 kikawa maarufu Ulaya nzima. Mwaka 1893 serikali ya Tsar Aleksanda wa Tatu, iliyotaka kuyafanya majimbo ya Baltiki kuwa ya Kirusi, ilirudisha Yuryev kwa amri. Siku hizo vibao vya mitaa viliandikwa kwa lugha tatu: Kirusi, Kijerumani na Kiestonia. Amri ya Yuryev iliishi miaka 25. Wakulima waliokuja sokoni na viazi vyao hawakuacha kusema Tartu.

Si kwamba Waestonia walikataa kila la mgeni. Walilikubali, ila kwanza walilitafuna mpaka likaingia mdomoni. Watawa wa Mtakatifu Birgitta walijenga nyumba yao ya ibada kando ya mto nje ya Tallinn, ikawekwa wakfu mwaka 1436. Birgitta akawa Pirita. Jumba lile liliharibiwa na majeshi ya Tsar Ivan wa Kutisha wa Urusi mwaka 1577, na kuta zake bado zimesimama bila paa. Pirita leo ni ufuko wa bahari na wilaya ya mji. Petro Mkuu, baada ya Urusi kuutwaa mji mwaka 1710, alianza kumjengea mkewe Katerina kasri mwaka 1718, na bonde lake likaitwa kwa Kijerumani Katharinental. Kinywani mwa Mwestonia Katerina ni Kadri, na Katharinental ikawa Kadriorg.

Kituko kikubwa ni Paldiski. Petro alitaka bandari ya kijeshi magharibi ya Tallinn, na Katerina wa Pili, malkia wa Urusi wa baadaye, akaiita kwa heshima zote Baltiyskiy Port, Bandari ya Baltiki. Lugha ya Kiestonia haianzishi maneno yake ya asili kwa sauti ya B, na wakulima wa huko hawakuona sababu ya kujitesa. Walisema Paldiski. Katika miaka ya 1930 jina hilo la mitaani likapanda cheo, likawa jina rasmi la mji.

Magharibi mwa Tallinn kuna jina la Kiitaliano, Rocca al Mare, mwamba wa baharini. Hakuna Mwitaliano aliyekaa hapo. Mwaka 1863 mfanyabiashara tajiri wa Kijerumani wa Baltiki, Arthur Girard de Soucanton, alijijengea nyumba ya mapumziko ufukweni akaipa jina alilolipenda. Leo hapo pana makumbusho ya nyumba za vijijini, na basi linalokwenda huko hubeba jina la tajiri huyo la anasa kwenda kwenye vibanda vya wakulima.

Ndani ya kuta za mji mkongwe majina ni ya kazi. Kullassepa ni mtaa wa sonara, Kinga ni wa kiatu, Voorimehe ni wa waendesha magari ya kukodi. Sauna hauhitaji maelezo. Apteegi unapita kando ya duka la dawa la uwanja wa baraza la mji, ambalo linatajwa tangu mwaka 1422 na bado linauza dawa. Saiakang ni kichochoro cha mikate myeupe. Nunne umetokana na watawa wa kike waliokuwa na nyumba yao hapo tangu karne ya 13, na Vene ni mtaa wa Warusi, kwa ajili ya wafanyabiashara waliokuja na manyoya na nta. Müürivahe ni nafasi iliyo kando ya ukuta. Pikk ni mrefu, Lai ni mpana: aliyewahi kusimama pale hakuhitaji kuuliza kwa nini.

Mitaa mingine inaeleza uelekeo. Viru unakwenda kwenye lango la barabara ya Virumaa, na Harju kwenye lango la Harjumaa. Wajerumani waliita mitaa hiyo hiyo kwa jicho jingine: Viru kwao ulikuwa mtaa wa udongo, na Harju mtaa wa wahunzi. Tofauti hiyo si ndogo. Mjerumani alikuwa mkaaji wa mji, akauita mtaa kwa kilichomo. Mwestonia alikuwa ametoka shamba, akauita kwa kule atakakorudi jioni. Hali ni hiyo hiyo kwa barabara kuu za leo, Narva, Tartu, Pärnu na Paldiski, ambazo kila moja imebeba jina la mji iendako.

Suur-Karja na Väike-Karja, Kundi Kubwa na Kundi Dogo, ni mitaa ambayo ng'ombe wa wakazi walipitishwa asubuhi kwenda malishoni na kurudishwa jioni. Sasa ina mabenki, mikahawa na baa. Karibu na Mguu Mfupi kuna Rataskaevu, mtaa wa kisima cha gurudumu, na kisima chake kina hekaya isiyowapendeza wapenda wanyama. Watu waliamini kuwa ndani yake anaishi pepo wa maji atakayegharikisha mji asipopewa sadaka, wakawa wanamtupia paka. Wengine huwatetea watu hao kwa kusema paka hao walikuwa wameshakufa. Kwa vyovyote maji yale hayakuwa na sifa nzuri, na kisima kikafukiwa katika karne ya 19. Kinachopigwa picha na watalii ni cha kuigiza.

Maji ya kweli yanatoka Ülemiste, ziwa la juu, lililo kusini ya mji na linalowanywesha wakazi mpaka leo. Hekaya yake inajulikana na kila mtoto. Usiku mmoja wa giza wa majira ya mapukutiko, kila mwaka, kizee kidogo cha mvi hutoka ziwani, hushuka hadi langoni na kumuuliza mlinzi kama mji umekwisha kujengwa. Mlinzi lazima ajibu kwamba bado, kazi ni nyingi. Akisema umekwisha, kizee atafungulia ziwa na kuuzamisha mji wote. Mtu akilalamikia barabara zinazochimbwa Tallinn mwaka hadi mwaka, hukumbushwa kizee huyo.

Nje ya kuta, walikokaa watu wa kawaida, majina yanachekesha zaidi. Kalamaja, nyumba ya samaki, ilikuwa ya wavuvi. Kassisaba ni mkia wa paka. Kitseküla ni kijiji cha mbuzi. Torupilli, zumari la mfuko, imetokana na kilabu cha pombe kilichokuwa njiani. Mtaa wa Uus Maailm, yaani Ulimwengu Mpya, una Suur-Ameerika na Väike-Ameerika, Amerika Kubwa na Ndogo, na karibu yake mpitanjia hukutana na sayari, nyota zenye mkia, Zohali, alfajiri na utusitusi, kila kimoja kikiwa na namba za nyumba. Tartu nayo ina Supilinn, Mji wa Supu, kitongoji cha nyumba za mbao kando ya Mto Mama. Mitaa yake ni Njegere, Maharage, Kiazi, Beri na Tikiti. Mtu anaweza kutoka nyumbani kwake mtaa wa Herne, akapita Oa, akafika Kartuli, na chungu kikawa kimejaa.

Tarehe 24 Februari 1918 Estonia ilijitangaza huru, na baada ya vita na Urusi ya Kisovieti uhuru huo ulitambuliwa katika mkataba wa Tartu wa 2 Februari 1920. Kwa mara ya kwanza aliyekuwa na kinywa alipata pia muhuri. Reval ikawa Tallinn, Yuryev ikawa Tartu, na majina ya kijijini yakaingia kwenye ramani za serikali. Kwa mji mmoja, kubadili jina hakukutosha: Walk ya Wajerumani ilidaiwa na Estonia na Latvia, na mwaka 1920 kanali Mwingereza Stephen Tallents aliuchorea mpaka katikati. Upande mmoja ni Valga, upande wa pili Valka, na mtaa unaweza kuanzia nchi moja ukaishia nyingine.

Katika miaka ya mwisho ya 1930 zamu ikawa ya majina ya watu. Wakulima walipewa majina ya ukoo baada ya kuachiwa huru kutoka utumwa wa ardhi, mwaka 1816 kaskazini na 1819 kusini, na wengi waliandikiwa na makarani majina ya Kijerumani. Sasa watu wapatao 200,000 waliyaacha wakachukua ya Kiestonia. Njia ya kinyume ilikuwapo pia, kutoka shamba hadi kitabuni. Mwandishi wa riwaya Anton Hansen, aliyezaliwa 1878, alijiongezea jina la shamba la wazazi wake, Tammsaare, kisiwa cha mialoni, yaani nchi kavu iliyozungukwa na vinamasi. Riwaya yake kuu, Tõde ja õigus, ilitoka kwa juzuu tano kati ya 1926 na 1933, na barabara pana ya Tallinn ikaja kuitwa kwa jina lake. Kipande cha nchi kavu kati ya vinamasi sasa ni anwani ya maelfu ya watu mjini.

Hakuna mahali panapoonyesha mabadiliko ya watawala kama uwanja ulio chini ya kilima cha Toompea, upande wa kusini. Ulikuwa soko la majani makavu ya farasi, na jina lake lilikuwa hilo hilo: Heinaturg. Mwaka 1910, ilipotimia miaka 200 tangu Urusi iuteke mji, palisimamishwa sanamu ya Petro Mkuu, na uwanja ukawa wa Petro. Sanamu iliondolewa mwaka 1922, na uwanja ukapewa jina la Uhuru. Wasovieti waliofika 1940, wakafukuzwa na Wajerumani 1941, wakarudi 1944, waliubatiza Uwanja wa Ushindi. Jina la Uhuru, Vabaduse väljak, lilirudi mwaka 1989. Soko la majani, Tsar, uhuru, ushindi, uhuru: bibi aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 angeweza kukaa dirisha moja akaletewa barua kwa anwani zote.

Kipindi cha Kisovieti kiliandika majina kwa bidii. Barabara ya Kaarli, iliyobeba jina la Mfalme Karl wa Kumi na Moja wa Uswidi kwa sababu ya kanisa lililoanzishwa kwa amri yake, ikawa ya Jenerali Suvorov. Toompuiestee, barabara ya miti inayozunguka kilima, ikawa ya mwanaanga Gagarin. Gonsiori ikawa ya mwanasayansi Lomonosov. Uwanja wa baraza la mji wa Tartu ukaitwa Uwanja wa Kisovieti. Sillamäe, mji wa pwani uliofungwa kwa wageni kwa sababu ya kiwanda cha urani, ulifichwa nyuma ya anwani za siri, moja ikiwa Moskva-400, ingawa Moscow iko mbali kabisa na hapo.

Aliyepewa heshima kubwa kuliko wote alikuwa Viktor Kingissepp, mkomunisti mzaliwa wa Saaremaa aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Estonia mwaka 1922. Mwaka 1952 Kuressaare, kisiwa cha korongo, iliitwa Kingissepa. Mtaa wa Liivalaia wa Tallinn nao ukapewa jina hilo. Serikali ilikuwa na kila chombo cha kulidumisha: shule, magazeti, ramani, posta. Mwaka 1988, upepo wa mageuzi ulipovuma, mji ulirudishiwa jina lake la kale, miaka mitatu kabla ya nchi kurudishiwa uhuru wake.

Mwaka huo huo vita vilihamia kwenye herufi moja. Warusi huandika Tallinn kwa N moja mwishoni. Waestonia huandika mbili. Baraza Kuu la Estonia ya Kisovieti liliagiza mwaka 1988 kwamba hata katika Kirusi ziandikwe mbili. Wahariri wa Moscow walikasirika, wengine wakatii, wengine wakagoma. Mwaka 1995 Urusi, ambayo sasa ilikuwa nchi nyingine, ilirudi rasmi kwenye N moja. Ndani ya Estonia magazeti ya Kirusi yaliendelea na mbili. Mpaka leo msomaji anaweza kujua makala ya Kirusi imehaririwa upande gani wa mpaka kwa kuhesabu herufi hizo.

Leo majina ya mahali yana sheria yake na baraza lake la ushauri, na kanuni ya msingi ni kwamba jina la wenyeji na la kale lipewe nafasi ya kwanza. Mwaka 2016 Taasisi ya Lugha ya Kiestonia ilitoa kamusi kubwa ya majina ya mahali, Eesti kohanimeraamat, inayofuatilia majina hayo hadi maandishi yake ya kwanza. Daftari la Wadenmark la miaka ya 1240 linarejewa humo tena na tena.

Ugomvi haujaisha. Narva, mji wa mpakani ambao wakazi wake wengi sana huzungumza Kirusi, ulibaki na mitaa iliyopewa majina ya askari na wanamapinduzi wa upande wa Kisovieti. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali iliondoa kifaru cha kumbukumbu mjini humo Agosti 2022, kisha ikadai majina hayo ya mitaa nayo yabadilishwe. Madiwani walivutana, na wakazi waligawanyika: wako waliosema ni majina ya wavamizi, na wako waliosema ni anwani tu walizozaliwa nazo.

Na Tallinn, je, ile barabara iliyoitwa ya Lenin enzi za Kisovieti? Sasa ni Rävala, jina la mkoa wa kale wa Waestonia ambalo ndilo Wajerumani walilolichukua na kulifanya Reval. Kando yake, mbele ya jengo lililokuwa makao ya Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti, ilisimama sanamu ya Lenin mpaka ilipoondolewa Agosti 1991. Estonia ilitangaza kurejea kwa uhuru wake tarehe 20 mwezi huo, na siku mbili baadaye Aisilandi, kisiwa chenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Afrika Mashariki, ikawa nchi ya kwanza kuutambua. Jengo hilo sasa ni Wizara ya Mambo ya Nje, na kila balozi anayeiandikia barua huandika kwenye bahasha: Islandi väljak 1, Uwanja wa Aisilandi, namba moja.